Nani Alimwandikia Rodrigo?

Hotuba hii niliitoa kwa wanakwaya, walimu wa kwaya na wazazi hapa Morogoro, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Mvua iliwazuia wengi wakaomba niiandike. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, walimu wenzangu, mama zetu, baba zetu, na ninyi wanakwaya mliovaa sare tangu alfajiri: heri ya sikukuu ya somo wetu.

Leo ni tarehe 22 Novemba. Kila mwaka siku hii tunaimba, tunakula pilau, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Mwaka huu nimeomba nafasi niwasimulie habari za mtoto aliyezaliwa tarehe hii hii, 22 Novemba 1901, katika mji wa Sagunto, karibu na Valencia, upande wa mashariki wa Hispania. Alikuwa kitinda mimba, mtoto wa kumi. Jina lake Joaquín Rodrigo.

Wangapi mmewahi kulisikia jina hilo? Wawili. Yule kule nyuma, watatu. Sasa ngoja niwaimbie kidogo. (Hapa niliimba mistari miwili ya mwanzo ya ule wimbo wa polepole nitakaoueleza mbele.) Wangapi mmewahi kusikia huu? Mnaona! Nusu ya ukumbi. Wimbo mnaujua, mwenyewe hamumjui. Mmeusikia redioni, mmeusikia kwenye filamu, mmeusikia msibani watu wakiwa wameketi kimya. Aliyeutunga hakuona gitaa hata mara moja kwa kumbukumbu yake, hakuwa mpiga gitaa, na hakuwahi kuiona karatasi ya muziki wake mwenyewe.

Ndugu zangu, hapo ndipo swali langu linapoanzia, nanyi mtanivumilia nikilirudia mara nyingi leo. Nani alimwandikia? Nani alimsomea?

Joaquín alipokuwa na miaka 3, dondakoo liliingia Sagunto. Mama zangu mnaopeleka watoto kliniki mnalijua jina hilo. Mtoto wa wiki sita anachomwa sindano pajani, na mojawapo ya magonjwa anayokingwa ni hilo. Mwaka 1905 kinga hiyo haikuwapo. Baadhi ya watoto wa mji ule walikufa. Joaquín alipona, lakini macho yakaenda.

Alipokuwa mtu mzima alisema kwamba kupoteza macho ndiko kulikomwelekeza kwenye muziki. Yeye alikuwa na haki ya kulisema neno hilo. Mimi na wewe wenye macho hatuna haki ya kulichukua na kwenda nalo wodini kumwambia mama anayelia, "Usijali, Mungu atampa kipaji kingine." Tusifanye hivyo. Nimeshuhudia likifanyika na nimemwona mama akigeuza uso ukutani.

Basi mtoto asiyeona alifikaje kuwa mtunzi? Familia ilihamia Valencia, akapelekwa shule ya wasioona. Sitawaficha: baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo. Tusiseme aliinuka kutoka mavumbini, maana si kweli. Alikuwa na shule, alikuwa na piano, alikuwa na fidla, alikuwa na walimu. Lakini juu ya hivyo vyote alipewa kitu kimoja ambacho ndicho kimenisimamisha hapa mbele yenu. Alipewa maandishi. Alifundishwa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole.

Wengi wetu tumeona karatasi ya nukta nundu, tukaipapasa kidogo, tukasema "ajabu kweli," tukairudisha mezani. Leo sitaki tuirudishe mezani. Hebu fikirieni mayai sita yamepangwa mawili mawili, mistari mitatu. Hayo ndiyo maandishi yote. Kila herufi ni mpangilio wa mayai hayo: lipi lipo, lipi halipo. Na muziki? Muziki nao unaandikwa kwa mayai yale yale sita. Nukta nne za juu zinakuambia ni noti gani. Nukta mbili za chini zinakuambia urefu wake. Basi! Ninyi mliozoea sol-fa mtafurahi kusikia hili: ile alama ambayo kwenye maneno ya kawaida inasomwa herufi d, kwenye muziki ni do ya nusu kipigo. Herufi e ni re. Herufi f ni mi. Unaendelea hivyo hivyo, g, h, i, mpaka j, ambayo ni ti. Mnaimba d, r, m kila Jumamosi. Yeye alisoma d, e, f kwa kidole.

Na aliyebuni maandishi haya naye alikuwa nani? Mfaransa Louis Braille, mtoto wa fundi ngozi, aliyejichoma jicho kwa chombo cha kazi cha baba yake akiwa na umri ule ule, miaka 3. Alikuwa mpiga kinanda kanisani Paris. Mwaka 1829 alipotoa kitabu chake cha kwanza cha njia hii, juu ya jalada aliandika kwamba ni njia ya kuandika maneno, muziki na nyimbo za Kanisa zile za kale, tunazoziita za Gregori. Mmesikia? Muziki haukuongezwa baadaye kama kiraka. Muziki ulikuwamo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mwenye kubuni alikuwa mwenzetu, mtu wa kinanda, mtu wa kwaya.

Sasa nikiri jambo mbele yenu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kwaya niliyokuwa nikiifundisha, si hii, alikuwepo kijana asiyeona. Sauti ya tatu. Sauti nzuri, safi, na masikio makali kuliko yangu. Nilimfundisha kama walimu wengi tunavyofanya: namwimbia, ananirudishia. Mara mbili tu ameshika. Nilijivuna naye. Wageni wakija nilimsimamisha mbele. Siku moja baada ya mazoezi akaniuliza, "Mwalimu, pale tunaposhikilia ile noti ndefu, besi wanafanya nini?" Nikamwambia wanashuka. Akauliza, "Wanashuka kwa hatua au wanaruka?" Nikafungua karatasi nikamweleza. Akasema, "Wenzangu wanayajua haya?" Nikamjibu wanayo kwenye karatasi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mimi naimba tu. Wenzangu wanasoma."

Ndugu zangu, miaka yote ile nilikuwa nimempa wimbo, sikuwa nimempa muziki. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na nafasi ya kujifunza, nilikuwa na mahali pa kuuliza, sikuuliza. Niliona masikio yake yanatosha. Yalinitosha mimi.

Tangu siku ile nilianza kutafuta habari za watunzi wasioona, na ndipo nikakutana na mzee Rodrigo.

Sasa twende kazini kwake. Alifanyaje? Kwanza aliandika utungo wake kwa nukta nundu, yeye mwenyewe, chombo kimoja kimoja. Mwenye macho akifungua karatasi ya okestra anaona vyombo vyote kwa pamoja, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayeangalia bonde kutoka mlimani Uluguru. Kidole hakioni bonde. Kidole kinatembea njia moja: filimbi mpaka mwisho, kisha obo mpaka mwisho, kisha fidla. Kwa hiyo bonde zima alilibeba kichwani.

Akimaliza, wapiga ala hawawezi kusoma nukta nundu. Kwa hiyo anakaa na mwandishi, anamtajia. Noti kwa noti. Nawaomba jioni ya leo mfanye jaribio hili. Chukueni mstari mmoja tu wa wimbo wa misa, sauti zote nne, mmoja afumbe macho amtajie mwenzake: "Sauti ya kwanza. Kipigo cha kwanza, so. Nusu kipigo. Inafuata la, nusu kipigo, imefungwa na ile inayofuata. Pumziko, robo." Mtaona mstari mmoja unakula muda gani. Kisha mfikirie utungo wa dakika zaidi ya ishirini, wenye filimbi, obo, klarineti, basuni, pembe, tarumbeta, fidla za makundi mawili, na gitaa katikati yake likipiga noti chungu nzima kwa kasi. Zote zilitajwa kwa mdomo. Zote ziliandikwa na mkono wa mtu mwingine.

Mkono wa nani? Wa kwanza ulikuwa wa Rafael Ibáñez, kijana aliyeajiriwa na familia amsaidie. Alimwandikia muziki na kumsomea vitabu, mashairi, falsafa, habari za dunia. Rodrigo alimhesabu kuwa macho yake. Hadi kufikia 1924, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, utungo wake wa okestra uitwao Juglares ulikuwa umepigwa Valencia. Jina la Rafael halitajwi kwenye redio. Mimi leo nalitaja, kwa sababu humu ndani kuna akina Rafael. Wapo wanaobaki baada ya mazoezi kunakili karatasi za wenzao, na siku ya sikukuu hakuna anayewasimamisha mbele.

Mwaka 1927 Rodrigo alikwenda Paris, akasoma miaka mitano kwa mtunzi Paul Dukas. Huko akakutana na mkono wa pili.

Victoria Kamhi alikuwa mpiga piano, Myahudi kutoka Istanbul, msomi wa lugha nyingi. Kwao hawakuufurahia uchumba ule. Binti yetu aolewe na mwanamuziki asiyeona, asiye na kazi ya kudumu? Wazazi mlio hapa, msiwahukumu upesi. Jiulizeni mngesema nini. Wakaoana Valencia, Januari 1933.

Na shida ikawafuata mara moja. Fedha hazikutosha, ikabidi Victoria arudi Paris kwa wazazi wake na mumewe abaki Hispania. Ndoa changa, kila mtu kwake. Katika upweke huo Rodrigo alichukua shairi la Mtakatifu Yohane wa Msalaba, lile ambamo roho inamlilia mpenzi wake, "Umejificha wapi, mpenzi, ukaniacha nalia?" akalitungia wimbo wa sauti moja na piano. Ni wa mwaka 1934, nao unaitwa Cántico de la esposa, wimbo wa bibi arusi. Mwaka huo huo akapata ufadhili wa masomo, wakaungana tena. Hawakutengana hivyo tena.

Kuanzia hapo Victoria ndiye aliyekuwa jicho la mwisho. Mwandishi akishaandika, Victoria anakaa kwenye piano, anapiga, Rodrigo anasikiliza: hapana, hapo si hivyo, rudia. Aliacha safari yake mwenyewe ya kuwa mpiga piano wa majukwaani. Hili huwa nalisoma kwa uzito. Watu husema "nyuma ya kila mwanamume" na kadhalika, kisha wanapiga makofi. Mimi nataka tujue kwamba kulikuwa na mpiga piano mmoja ambaye dunia haikumsikia, na kazi yake imo ndani ya kila noti tunayoisikia ya mumewe. Nani alimwandikia? Nani alimsomea? Victoria.

Sasa tufike kwenye wimbo wenyewe.

Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Hispania. Wao walikuwa Ujerumani. Fedha za ufadhili zikakatika. Wakapata hifadhi Freiburg, kwenye taasisi ya wasioona, wakapewa chumba, nao wakawa wanafundisha Kihispania na muziki. Hebu itazameni picha hiyo: mume asiyeona, mke Myahudi, ndani ya Ujerumani ya Hitler, kwao kunawaka moto. Na aliyewafungulia mlango ni nyumba ya watu wasioona.

Septemba 1938 Rodrigo alikuwa San Sebastián, kaskazini mwa Hispania, kwenye chakula na mpiga gitaa Regino Sainz de la Maza. Rodrigo mwenyewe aliwahi kuisimulia jioni ile kwa furaha. Chakula kilikuwa kizuri, divai haikuwa mbaya. Ghafla Regino akamwambia: urudi na koncheto ya gitaa na okestra, hiyo ndiyo ndoto ya maisha yangu. Koncheto ni utungo mkubwa ambamo chombo kimoja kinasimama kama mwimbishaji na okestra nzima inaitikia. Rodrigo akameza glasi moja, akameza ya pili, akasema sawa, tumekubaliana.

Kukubali mezani ni rahisi. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu moja ambayo mpiga gitaa yeyote hapa anaijua: gitaa lina sauti ndogo. Bila spika, weka fidla ishirini juu yake, limezama. Ukimsikiliza Rodrigo vizuri utaona alivyotatua. Okestra haikanyagi gitaa. Gitaa likisema, wengine wananong'ona au wananyamaza. Likimaliza, okestra inajibu kwa sauti kubwa. Walimu wa kwaya, mnaopenda kuwaamuru wote waimbe kwa nguvu kutoka mwanzo mpaka mwisho, nendeni mkamsikilize huyu mzee.

Koncheto hiyo, inayoitwa Concierto de Aranjuez, aliiandika Paris, katika chumba kidogo mtaa wa Saint-Jacques. Alieleza kwamba alikuwa amesimama chumbani akiiwazia ile koncheto, akasikia ndani yake wimbo mzima wa sehemu ya pili, ile ya polepole, Adagio, ukija kwa mkupuo mmoja, karibu sawasawa na ulivyo leo. Papo hapo ukafuata wa sehemu ya tatu. Sehemu ya kwanza ndiyo ilimtesa. Hiyo haikuletwa na upepo. Aliifikia kwa kufikiri, kwa kupiga hesabu na kwa kukaza moyo, na ilikuwa ya mwisho kuandikwa. Alimalizia pale alipopaswa kuanzia. Vijana watunzi, nyinyi mnaongoja wimbo uje wenyewe usiku: kwa Rodrigo mbili zilikuja na moja akaifuata kwa miguu. Ukiisikiliza yote, huwezi kusema ipi ni ipi.

Lakini Victoria naye aliandika. Katika kitabu cha kumbukumbu za maisha yao, alichokitoa mwaka 1986, alisema jambo ambalo mumewe alilinyamazia kwa miaka mingi. Wakati wa kutungwa kwa koncheto ile, Victoria alikuwa na ujauzito wa mtoto wao wa kwanza. Mimba ikaharibika. Victoria akiwa amelala hospitali, Joaquín alikuwa akirudi nyumbani usiku, anakaa kwenye piano, anaipiga Adagio. Alikuwa anakumbuka siku zao za mwanzo wa ndoa, walipotembea pamoja katika bustani za Aranjuez.

Aranjuez ni mji kusini mwa Madrid, kandokando ya mto Tajo, wenye kasri la wafalme na bustani kubwa. Rodrigo hakuiona. Aliposema koncheto yake inabeba nini, alitaja harufu ya maua ya magnolia, kuimba kwa ndege na mchirizi wa maji ya chemchemi. Harufu, ndege, maji. Alikwenda Aranjuez na pua yake, masikio yake na mkono wa mkewe.

Mimi si daktari wala si mshauri. Ninajua tu kwamba kwetu mimba ikiharibika watu husema "bado mdogo, utapata mwingine," matanga hayawekwi, jina halitajwi, na mama anatakiwa aende shambani Jumatatu. Baba ndiyo kabisa, hata haulizwi. Huyu baba hakuulizwa na hakusema. Alikaa gizani kwenye piano. Na wale kati yenu mnaoinamisha vichwa sasa hivi, najua mnanielewa, nami niko pamoja nanyi.

Mwanzoni mwa Septemba 1939, Vita Kuu ya Pili ikianza, wakavuka mpaka kurudi Hispania, muswada ukiwa ndani ya sanduku. Tarehe 9 Novemba 1940 koncheto ikapigwa mara ya kwanza mjini Barcelona, Regino Sainz de la Maza akishika gitaa. Ukumbi ulikuwa Palau de la Música Catalana. Wanakwaya, fungueni masikio: ukumbi ule ulijengwa kwa ajili ya kwaya! Ni kwaya ya Orfeó Català iliyojijengea ukumbi wake, ukafunguliwa 1908, na mpaka leo watalii wanapanga foleni kuutazama. Sisi tunachangishana mabati ya chumba cha mazoezi mwaka wa tatu sasa. Tusikate tamaa.

Mwezi wa Januari 1941 wakapata mtoto wa kike. Wakamwita nani? Cecilia. Sesilia. Somo wetu.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Aliishi Madrid. Alifanya kazi katika shirika la taifa la wasioona, ONCE, lililoanzishwa 1938, ambalo watu wasioona wenyewe waliliendesha kwa kuuza tiketi za bahati nasibu. Alifanya kazi redioni, akaandika magazetini, na kuanzia 1947 akafundisha chuo kikuu. Serikali ya wakati ule ilikuwa ya kidikteta, ya Franco, na wapo wanaouliza kwa nini alirudi na kubaki. Ni swali la haki, nami silifuti. Aliandika koncheto nyingine za gitaa, za fidla, za filimbi, za selo. Ile Fantasía para un gentilhombre ya mwaka 1954 aliiandika kwa ajili ya mpiga gitaa Andrés Segovia, akichukua dansi za mtunzi wa kale Gaspar Sanz na kuzivika upya. Mwanzo mzuri kwa anayetaka kumzoea ni hiyo. Ni nyepesi, inacheka.

Adagio yenyewe ilitoka ikatembea dunia. Mwaka 1960 mpiga tarumbeta Mmarekani Miles Davis aliitoa kwenye santuri, tarumbeta ikiimba mahali pa gitaa. Mwanzoni Rodrigo hakupendezwa. Mimi nawapenda wote wawili, lakini namwelewa mzee: wewe umetaja noti moja moja kwa mdomo, halafu mtu anazipanga anavyotaka.

Najua kuna mwalimu hapa anataka kunijibu. Mwalimu, mbona Paco de Lucía, yule bingwa wa gitaa la flamenko, muziki wa jadi wa Hispania, aliipiga koncheto hii hii mwaka 1991, mzee Rodrigo mwenyewe akiwa amekaa anamsikiliza, na Paco hakuwa msomaji wa noti? Kusikia hakutoshi?

Sikudharau kusikia. Nyimbo za bibi zetu zimefika kwetu kwa kusikia. Lakini Paco alikuwa na macho. Karatasi ilikuwapo, na wasomaji wa kumsaidia walikuwapo. Kutosoma kwake hakukuwa mlango uliofungwa na mtu mwingine. Kijana wangu wa sauti ya tatu hakuchagua. Mimi ndiye nilimchagulia, na sikumwuliza. Na sikilizeni jambo hili: mwenye kusikia tu anaweza kuimba kazi ya mwenzake. Je, ataiachaje kazi yake mwenyewe? Rodrigo angekuwa na masikio tu, Adagio ingebaki kwenye kile chumba cha Saint-Jacques, ikafa na yule mtoto.

Mwaka 1991 mfalme Juan Carlos alimpa cheo cha Marqués de los Jardines de Aranjuez, mwenye cheo wa bustani za Aranjuez. Bustani zile zile. Victoria alifariki Julai 1997. Joaquín akamfuata tarehe 6 Julai 1999, akiwa na miaka 97. Wamelala pamoja Aranjuez.

Sasa neno la kazi, kisha tutasikiliza.

Kuanzia Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane mchana, chumba cha katekesi, yupo mwalimu atakayetufundisha nukta nundu za muziki. Yeye mwenyewe haoni. Nahitaji wanane wenye subira. Sihitaji sauti nzuri. Nahitaji watu wa aina ya Rafael. Vibao na kalamu zake tumepata vinne, tutapokezana. Lengo letu ni misa moja nzima, sauti zote nne, iwe imeandikwa kabla ya Pasaka. Wazazi wenye watoto wasioona, waleteni pia, hata kama hawaimbi.

Yule kijana niliyewasimulia yupo hapa leo. Amekuja kwa basi kutoka mbali. Nimemwandikia mstari wa besi wa ule wimbo alioniuliza. Nimeuandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na nina hakika una makosa. Ameusoma asubuhi hii. Ameyapata makosa matatu.

Kijana wangu wa mitambo, tafadhali washa. Baba, Mama, wekeni simu chini, ni dakika kama kumi. Mtasikia kwanza gitaa linapiga polepole, chini kabisa, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa. Kisha itaingia sauti nzito ya mbao, ndugu mkubwa wa obo, inayopulizwa kwa matete mawili. Watu wa pwani mtaikumbuka nzumari. Hiyo ndiyo itakayoimba kwanza. Gitaa litangoja mpaka imalize.